Kutoka HP, BTU na kVA hadi kilowati: shajara ya mradi wa kinu na chumba baridi, Tukuyu

Kazi yenyewe

Jengo liko nje kidogo ya mji wa Tukuyu, wilayani Rungwe, mwinuko wa mita kama 1,500 kutoka usawa wa bahari. Ndani yake kuna mashine ya kusaga, mashine ya kukoboa, chumba baridi cha parachichi, pampu ya maji, na kikaushio cha mahindi chenye kichomeo cha dizeli, maana mvua ya huku haisubiri mahindi yakaukie shambani. Kinu kilikuwa kinaendeshwa na injini ya dizeli. Sasa kinahamia kwenye umeme wa njia tatu, na kabla fundi hajavuta waya wowote inatakiwa orodha ya mzigo.

Wenye jengo walikuwa wameandaa orodha ya kwanza: kusaga 15, kukoboa 11, ubaridi 5.28, pampu 1.1, kikaushio 34.9, taa 0.5. Jumla kilowati 67.78. Kila namba kwenye orodha hiyo imegeuzwa sawasawa. Ukizipiga tena kwa kikokotoo zinarudi zilezile. Ila jumla haifai kuagizia waya wala kuombea umeme, kwa sababu namba hizo zimepimwa sehemu tofauti. Nyingine ni nguvu inayotoka kwenye shafti, nyingine ni joto linaloondolewa chumbani, nyingine ni joto la mafuta yanayoungua. Kugeuza HP (nguvu za farasi) kuwa kW ni kuzidisha mara moja tu. Kujua hiyo kW inapimwa wapi ndiko kunakochukua muda, na shajara hii imeelemea huko.

Jumatatu: vibao

Vibao vyote vilikuwa chini ya unga na grisi. Kitambaa chenye mafuta ya taa kinatosha; msasa na brashi ya waya usiguse, maana namba nyingi zimechapwa tu juu ya bati na zinafutika. Kisha piga picha kwa simu ukiwasha tochi kutoka ubavuni, siyo usoni pa kibao. Mwanga wa ubavuni ndio unaofanya namba zilizogongwa zionekane hata rangi ikiwa imetoka.

Tulivyovisoma:

Mota ya kusaga: 15 kW, 400 V, 50 Hz, 28.3 A, mizunguko 1,460 kwa dakika, cos φ (pawa fakta) 0.85, ufanisi 90%.
Mota ya kukoboa: 11 kW, 400 V, cos φ 0.84, ufanisi 89%.
Mtambo wa chumba baridi: 3 HP, 18,000 BTU/h, umeme unaoingia 2.4 kW.
Pampu: 1.5 HP, P1 1.5 kW, P2 1.1 kW, Q max 6 m³/h, H max 60 m.
Kichomeo cha kikaushio: 30,000 kcal/h. Feni yake ina mota yake: 0.75 kW.
Injini ya dizeli inayoondolewa: 16.2 kW, 22 HP, mizunguko 2,200.

Feni ya kikaushio haikuwemo kwenye orodha ya kwanza kabisa. Kibao chake kimegeukia ukutani. Inabidi kutumia kioo kidogo au kuingiza simu nyuma yake.

Jumanne: farasi wa aina mbili

Kibao cha injini kinafaa kusomwa taratibu. Kimeandikwa 16.2 kW na 22 HP. Ukichukua HP ya Kiingereza, wati 745.7, unapata 22 × 745.7 = 16,405, yaani 16.4 kW. Hailingani na kibao. Ukichukua HP ya kimetriki, wati 735.5, unapata 16,181, yaani 16.2 kW. Hapo panalingana. Maana yake HP ya kibao hiki ni ile ya kimetriki, ambayo Wajerumani huiandika PS na Waitaliano CV. Injini nyingi za Kichina za silinda moja zinazosaga vijijini kwetu zinatumia hesabu hiyo hiyo: ile ya 8.8 kW huitwa HP 12, na 8.8 ÷ 0.7355 ni 11.96.

Namba hizi mbili hazina haja ya kukaririwa bila kujua zilikotoka. HP ya Kiingereza ni ile ya James Watt: futi-pauni 33,000 kwa dakika, yaani 550 kwa sekunde. Futi-pauni moja ni jouli 1.3558, na 550 × 1.3558 ni 745.7. Ya kimetriki ni kunyanyua kilo 75 mita moja kwa sekunde moja: 75 × 9.80665 = 735.5. Mtu akisahau namba kazini anaweza kuizalisha upya kwa kalamu.

Tofauti kati ya hizo mbili ni asilimia 1.4. Kwa injini ya kinu hiyo si kitu. Mwinuko peke yake unachukua zaidi ya hapo, kama itakavyoonekana kesho. Lakini kwenye jedwali tunaziweka mbali mbali, HP na PS, ili kibao kikiwa na kW na HP pamoja tuweze kuhakiki kimoja kwa kingine. Visipolingana kwa hesabu yoyote kati ya hizo mbili, kibao hicho hakiaminiki na mashine itapimwa.

Viwango vilivyoingizwa kwenye jedwali, vyote kwenda wati:

HP × 745.7
PS au CV × 735.5
BTU/h × 0.29307
kcal/h × 1.163
tani ya ubaridi × 3,517
kgf·m/s × 9.80665

Jedwali lina safu ya namba ya kibaoni, ya kipimo, ya wati, kisha safu ambayo orodha ya kwanza haikuwa nayo: upande. Upande ni mojawapo kati ya shafti, umeme unaoingia, joto, au ubaridi. Safu ya upande ikiwa tupu, mstari mzima unabaki mwekundu na hauingii kwenye jumla. Kukadiria desimali kunafanyika mwisho tu. Ukikata 0.7457 kuwa 0.75 mwanzoni, kisha 0.85 kuwa 0.9 katikati, ukifika kwenye ampea umeshapotoka kwa kiasi cha kubadilisha ukubwa wa breka.

Herufi nazo zina uzito. Kibao kikiandika KW kwa K kubwa, hakuna madhara. Lakini m na M zinatofautiana mara bilioni: mW ni sehemu ya elfu ya wati, MW ni wati milioni. Bwawa la Mtera lina mitambo ya MW 80, Kihansi MW 180. Jengo hili zima halifiki hata sehemu ya elfu mbili ya Mtera.

Jumatano: kwa nini HP 22 haikuwa HP 22

Swali la mwendesha mashine lilikuwa la msingi: injini ilikuwa HP 22, mota ni HP 20, je, kinu hakitadhoofika?

15 kW ya mota ni HP 20.1 au PS 20.4. Kwa kuangalia namba tu, mota ni ndogo. Lakini injini ya dizeli isiyo na tabo hupoteza nguvu kadiri unavyopanda, kwa sababu hewa ni nyepesi na oksijeni inayoingia silinda kwa kila pigo inapungua. Kanuni ya mafundi ni kupunguza kama asilimia 1 kwa kila mita 100 za mwinuko. Kwa mita 1,500 hiyo ni asilimia 15: 16.2 × 0.85 = 13.8 kW. Injini ya Tukuyu ilikuwa inatoa PS 18.7, na hapo tunaihesabu kama mpya, chujio la hewa likiwa safi. Njombe au Makete, juu zaidi, ingetoa pungufu ya hapo.

Ukisukuma dizeli zaidi kwenye pampu ya mafuta ili kufidia, hupati nguvu, unapata moshi mweusi. Mafuta yasiyo na hewa ya kuyaunguza hutoka kwenye ekzosi na mengine huosha oili kwenye kuta za silinda, na pete za pistoni huisha mapema.

Mota ya umeme haivuti hewa ya kuunguza. Mwinuko unaigusa kwa njia nyingine: hewa nyepesi haiipozi vizuri. Vibao vya mota hutengenezwa kwa kuchukulia mwinuko usiozidi mita 1,000 na joto la mazingira hadi nyuzi 40. Kwa mita 1,500 mtu angepunguza asilimia kama 3, lakini Tukuyu haifiki nyuzi 40 hata mchana wa Oktoba, na ubaridi huo unafidia. Kwa hiyo 15 kW inabaki 15 kW, na mota "ndogo" inazidi injini "kubwa" kwa zaidi ya kilowati moja kwenye shafti.

Kitu kitakachofanya watu waseme mota haina nguvu ni puli. Injini ilikuwa inazunguka mara 2,200 kwa dakika na puli ya inchi 8. Mota inazunguka mara 1,460. Ukihamisha puli ile ile, kinu kitazunguka kwa theluthi mbili tu ya mwendo wake, nyundo hazitapasua punje vizuri, unga utakuwa mkubwa na chekeche litaziba. Hesabu: 2,200 ÷ 1,460 = 1.507, mara inchi 8 ni inchi 12.05. Puli ya inchi 12 ya chuma cha kuyeyusha inapatikana Mwanjelwa, Mbeya. Hakikisha mifereji yake ni ya mkanda uleule, B na B, na idadi ya mifereji iwe sawa. Mwendo wa mkanda kwa inchi 12 unafika mita 23 kwa sekunde, ambao puli ya chuma inauhimili. Puli ya aluminiamu ya kusubu mtaani isitumike kwa mwendo huo.

Alhamisi: pande mbili za mota

15 kW ya kibao cha mota ni inayotoka kwenye shafti. Waya na mita zinaona inayoingia. kVA ni mzigo wote unaobebwa na waya (volti kwa ampea), na pawa fakta ni sehemu yake inayofanya kazi kweli. Njia ni hii:

Umeme unaoingia = 15 ÷ 0.90 = 16.67 kW.
kVA = 16.67 ÷ 0.85 = 19.6.
Ampea = 19,600 ÷ (1.732 × 400) = 28.3.

Kibao kinasema 28.3 A. Huu ndio uhakiki bora kuliko wote: ukianza na kW ya shafti, ukapita ufanisi na pawa fakta, ukafika kwenye ampea ya kibao, basi umesoma upande sahihi. Ukipata ampea ndogo kuliko ya kibao kwa asilimia kumi au zaidi, kuna uwezekano umeichukua kW ya shafti kana kwamba ni ya umeme.

Kukoboa vivyo hivyo: 11 ÷ 0.89 = 12.36 kW, ÷ 0.84 = 14.7 kVA, ampea 21.2.

Pampu imeandikwa kwa uaminifu: P1 ni umeme unaoingia, P2 ni shafti. HP 1.5 inalingana na P2. Orodha ya kwanza ilichukua 1.1, inayotakiwa ni 1.5. Hapo bado hatujafika kwenye maji. Kwenye maji nguvu ni mita za ujazo kwa sekunde × 9.81 × kimo, na jibu ni kW. Kwa lita 4,000 kwa saa na kimo cha mita 40: 4 ÷ 3,600 × 9.81 × 40 = 0.436 kW. Hiyo ni asilimia 40 ya P2, kawaida kwa pampu ndogo. Na Q max na H max haziji pamoja. Mita 60 ni pale bomba limefungwa na hakuna tone linalotoka; mita za ujazo 6 ni pale maji yanamwagika bila kupanda. Anayezidisha 6 kwa 60 anapata karibu 1 kW ya maji kutoka kwenye shafti ya 1.1, jambo ambalo pampu ya ukubwa huu hailiwezi.

Fomula hiyo hiyo ilijibu swali la pembeni kuhusu kijito kilicho nyuma ya jengo, kama kinaweza kuendesha kinu. Lita 20 kwa sekunde, anguko la mita 12: 0.02 × 9.81 × 12 = 2.35 kW ndani ya maji. Kwa mtambo mdogo na nusu ya nguvu kupotea njiani, kinabaki kilowati 1.2 hivi. Taa na chaji za simu, ndiyo. Kinu, hapana.

Ijumaa: joto na ubaridi

Hapa ndipo orodha ya kwanza ilipovimba.

Kichomeo: 30,000 × 1.163 = 34,890 W, kW 34.9. Ni sahihi, lakini ni joto la dizeli. Haipiti kwenye waya hata wati moja ya hiyo. Lita ya dizeli ina nishati ya kama kWh 10, kwa hiyo 34.9 kW ni lita 3.5 kwa saa kichomeo kikiwa wazi muda wote. Pima tangi kabla na baada ya saa moja ya kazi: ikiwa limeshuka lita 3.5, kibao kinasema kweli. Umeme wa kikaushio ni wa feni tu: 0.75 kW ya shafti, ufanisi 78%, inaingia 0.96 kW.

Chumba baridi: 18,000 × 0.29307 = 5,275 W, kW 5.28, au tani 1.5 za ubaridi. Tani hiyo haina uhusiano na tani ya mzigo wa gari. Ni kiwango cha kuyeyusha tani fupi ya Marekani ya barafu, pauni 2,000, kwa saa 24, na imewekwa kuwa BTU 12,000 kwa saa. Muuzaji akisema "hii ni BTU 18,000" anameza neno "kwa saa". BTU yenyewe ni kiasi cha joto. BTU kwa saa ndiyo nguvu.

5.28 kW ni joto linalohamishwa kutoka chumbani kwenda nje. Kompresa halitengenezi ubaridi, linabeba joto, kama mtu anayechota maji kisimani: maji ya kwenye ndoo ni mengi kuliko jasho la kuyavuta. Umeme wa kulibeba ni 2.4 kW, na 5.28 ÷ 2.4 ni 2.2. Kwenye orodha ya mzigo inaingia 2.4. Na ile "3 HP" isigeuzwe kabisa kwa kazi hii: 3 × 0.7457 ni 2.24, namba ambayo si umeme unaoingia wala si ubaridi unaopatikana. Ni jina la ukubwa wa kompresa dukani.

Je, 5.28 inatosha? Parachichi tani 2 kutoka nyuzi 22 hadi 6 kwa saa 12: kilo 2,000 × 3.6 × 16 = kJ 115,200; gawanya kwa sekunde 43,200, unapata 2.67 kW. Kuta: mita za mraba 60 za paneli ya milimita 100, kama wati 0.23 kwa mita ya mraba kwa kila nyuzi, mara 16, ni 0.22 kW. Inabaki 2.39 kW kwa mlango unaofunguliwa, feni za ndani, na pumzi ya tunda lenyewe. Hiyo ya mwisho haipuuzwi: parachichi likishachumwa linaendelea kutoa joto, na likiwa la moto linatoa mara kadhaa zaidi ya likiwa limepoa. Ndiyo sababu shehena iliyokaa juani barabarani hushinda mtambo ambao jana yake ulipoza shehena ya asubuhi bila shida. Jambo la kuuliza kabla ya kulipa: BTU hizo zimepimwa kompresa likivuta kwa nyuzi ngapi? Mtambo uliopimwa kama kiyoyozi cha chumba cha kulala hautoi BTU zile zile ukivuta chini ya sifuri kwenye koili.

Jumamosi: jumla

kVA hazijumlishwi kichwa kichwa. Zinajumlishwa kW peke yake na kvar peke yake (kvar ni umeme unaokwenda na kurudi kwenye mota bila kufanya kazi), kila jumla inazidishwa kwa yenyewe, mbili hizo zinajumlishwa, kisha inachukuliwa kipeuo cha pili.

Kusaga: kW 16.67, kvar 10.33.
Kukoboa: 12.36, 7.98.
Chumba baridi: 2.40, 1.80.
Pampu: 1.50, 0.73.
Feni: 0.96, 0.82.
Taa: 0.50, 0.

Jumla kW 34.39, kvar 21.66, na kVA ni 40.6. Kwa njia tatu za volti 400 hiyo ni ampea 58.7 kwa kila njia.

Kwa orodha hii, kujumlisha kVA moja kwa moja kungetoa 40.8, karibu sawa, kwa kuwa pawa fakta zote ziko jirani. Hilo lisimfanye mtu aache njia sahihi, maana ukiongeza kapasita mambo yanabadilika: kapasita ya kvar 10 inashusha kvar hadi 11.66, kVA hadi 36.3, ampea hadi 52.4. kW haipungui hata kidogo. Mteja anayelipia uniti peke yake haoni faida kwenye LUKU zaidi ya waya kupoa na volti kutulia. Anayetozwa na kVA ndiye anayeiona kwenye bili.

Wenye jengo wamechagua kukoboa na kusaga kwa zamu. Kontakta mbili (swichi za umeme za mota) zimefungana: moja ikishika, koili ya nyingine haipati umeme. Kilele kinashuka hadi 22.0 kW, 25.9 kVA, ampea 37.4. Hiyo ndiyo namba iliyokwenda kwa mkandarasi, pamoja na maelezo kwamba kufungana huko kusiondolewe.

Jumatatu iliyofuata: jenereta

Jenereta iliyopendekezwa kwao ilitajwa kuwa "ya thelathini". Kibao: 30 kVA, cos φ 0.8. Yaani 24 kW, na hiyo ni pwani. Ukitoa asilimia 15 ya mwinuko kwenye injini inabaki 20.4. Mota ya kusaga inahitaji 16.67, kwa hiyo kwenye karatasi inaingia.

Haitaiwasha. Mota ikiwashwa moja kwa moja huvuta mara 6 hadi 7 ya ampea zake: 28.3 × 6.5 = ampea 184, kVA 127. Kwa stata ya sta-delta, inayoanzisha mota kwa volti pungufu kwenye koili, inashuka hadi theluthi, ampea 61, kVA 42. Jenereta ya 30 itazama volti, kontakta zitaachia na kushika mfululizo kwa mlio wa kutetemeka, na kingo zake zitaungua. Kuigeuza kVA kuwa kW hakukujibu swali hili. Kuwasha mota ni suala la kVA za sekunde chache.

Uamuzi: kinu kisubiri umeme urudi, mahindi hayaozi kwa siku moja. Parachichi ndiyo haiwezi kusubiri. Jenereta inabeba chumba baridi, pampu na taa: 2.4 + 1.5 + 0.5 = 4.4 kW. Kompresa likianza linavuta kama mara 5 ya kVA 3, yaani 15. Imeagizwa ya kVA 15, ambayo hapa inatoa 10.2 kW. Mzigo wa asilimia 43 unaifaa. Dizeli inayoendeshwa muda mrefu chini ya asilimia 30 hujaza masizi na oili kwenye ekzosi. Pampu imewekewa taima ya kuchelewa sekunde 30 ili isianze pamoja na kompresa.

Jumatano: kupima kwa kweli

Kinu kimewashwa, mahindi makavu, mlango wa kulishia umefunguliwa hadi nusu. Klampu mita: ampea 21 kila njia, volti 388. kVA = 1.732 × 388 × 21 ÷ 1,000 = 14.1. Kwa mzigo pungufu pawa fakta hushuka, kwa 0.82 inakuwa 11.6 kW.

Kwa kuwa 0.82 ni makadirio, tumehakiki kwa mita yenyewe. Taa nyekundu ya mita huwaka idadi maalumu kwa kila uniti. Hii imeandikwa 400 imp/kWh. Vitu vingine vyote vikiwa vimezimwa, hesabu mimweko 40 na upime sekunde: 31. kW = 3,600 × 40 ÷ (31 × 400) = 11.6. Zimekutana. Mimweko ikiwa ya haraka kwa jicho, rekodi video kwa simu kisha ihesabu taratibu.

Inayotoka shafti ni 11.6 × 0.9 = 10.4 kW, HP 14. Gunia la kilo 100 liliisha kwa dakika 15, yaani uniti 2.9 kwa gunia. Hapa watu huchanganya: 11.6 ni kilowati, kasi ya kula umeme, 2.9 ni uniti, kiasi kilicholiwa. "Mashine inakula kilowati 11 kwa saa" ni kauli isiyopima kitu. Saa tayari imo ndani ya uniti.

Mlango wa kulishia una nafasi ya kufunguliwa zaidi. Umefunguliwa hadi klampu ikasoma ampea 26 na kufungwa hapo kwa nati, ili mahindi yenye unyevu yakija kuwe na akiba kabla ya 28.3.

Ovalodi, kinga inayokata umeme mota ikizidiwa, imewekwa mwisho. Kwenye stata hii ya sta-delta ovalodi imekaa ndani ya njia za koili, siyo kwenye njia kuu, kwa hiyo haiwekwi 28. Koili inabeba 28.3 ÷ 1.732 = ampea 16.3. Ikiwekwa 28 mota itaungua kabla ovalodi haijaruka. Imewekwa 16.3, mota ikasaga magunia matatu mfululizo, kasha lake likawa na joto linalovumilika kwa kiganja, na ovalodi haikuruka.

Kazi iliyobaki: kupima tena ampea na mimweko wakati wa mahindi mabichi ya Juni, na kusoma tangi la kichomeo kwa saa nzima ya ukaushaji.